Namna ya Kuthibitisha Kuwa Protini ya CHOP Ndiyo Iliyosababisha Kifo cha Seli

CHOP ni protini inayodhibiti jeni nyingine, nayo ni adimu katika seli yenye afya, kwani huzalishwa kwa wingi pale retikulamu ya endoplazimu, sehemu ya seli ambamo protini nyingi hukunjwa, inapolemewa na protini zilizoshindwa kujikunja sawasawa. Mtafiti anayeanza huiona ikiongezeka, huona seli zikifa, kisha huandika kwamba la kwanza limeleta la pili. Hitimisho hilo ni la haraka mno.

Anza kwa kuzitia seli katika msongo unaoeleweka kwa kemikali mbili: tunikamisini huzuia protini kuunganishwa na sukari, na thapsigagini hukwamisha pampu ya kalsiamu. Tumia zote mbili katika sahani tofauti, pamoja na sahani ya tatu yenye kiyeyusho pekee. Vuna seli baada ya saa 4, 8, 16 na 24, kwa maana CHOP inapaswa kutangulia, na dalili za kifo, kama vile kaspesi-3 iliyokatwa (kimeng'enya cha kifo cha seli kilichoamilishwa), zifuate. Pima pia BiP, protini inayoongezeka retikulamu inapolemewa, kwa kuwa upungufu wa asidi amino nao hupandisha CHOP kupitia ATF4, protini nyingine inayodhibiti jeni, hata pasipo msongo wa retikulamu.

Kwenye jeli inayotenganisha protini kwa ukubwa, usiutafute mstari wake mahali pasipo pake: CHOP ya binadamu ina asidi amino 169, sawa na kilodaltoni 19 hivi, lakini huonekana karibu na 30, na hapo kingamwili dhaifu, yaani ile ya kuitambulisha CHOP, hushika protini nyingine kwa urahisi. Seli zisizo na DDIT3, jeni inayotengeneza CHOP, ndizo zitakazokuhakikishia.

Seli hizohizo ndizo zinazobeba hoja yenyewe. Zipe dozi ileile. Zikifa chache kuliko za kawaida, CHOP inahusika, na zikifa sawasawa, tafuta chanzo kingine. Usitarajie zote zipone: mwaka 2002, kuiondoa CHOP katika panya wa Akita, ambao insulini yao ina kasoro, kulichelewesha kisukari bila kukizuia kabisa. Ukitaka kujua inavyoua, fuatilia GADD34, protini inayochochewa na CHOP, ambayo hurejesha uundaji wa protini wakati retikulamu bado imelemewa.

Tahadhari moja kwa wanaotumia seli za uvimbe: katika liposakoma ya miksoidi, aina ya saratani ya tishu za mafuta, jeni ya DDIT3 mara nyingi imeungana na jeni nyingine, FUS, hivyo kuiona humo si ushahidi wa msongo wowote.