Jinsi ya kupima mvua ya uani kwako Dar kwa kidumu, faneli na daftari

Mvua inaweza kumwagika Kimara huku Kigamboni watu wanaanika nguo. Kituo cha Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere kinapima mvua ya pale uwanjani. Ya uani kwako haina wa kuipima ila wewe. Mimi napima Tabata, masika na kiangazi, na hivi ndivyo ninavyofanya.

Hatua ya 1: Tengeneza kipimo

Tafuta kidumu cha lita 5, faneli ya plastiki yenye mdomo wa duara kamili, na bomba la sindano la mililita 20 kutoka duka la dawa. Sindano yenyewe huihitaji.

Pima kipenyo cha mdomo wa faneli kwa rula. Yangu ni sentimita 16, nusu yake 8. Zidisha 8 kwa 8, kisha kwa 3.14: unapata sentimita za mraba 201. Milimita 1 ya mvua ni lita 1 ya maji katika kila mita ya mraba, kwa hiyo kwa faneli yangu milimita 1 ni mililita 20.1. Namba hiyo nimeiandika kwa maka pen ubavuni mwa kidumu. Piga hesabu ya faneli yako mwenyewe, usichukue yangu.

Lita 5 zinatosha. Hata siku ya milimita 150, ambayo kwa Dar ni maafa, itakupa lita 3 tu.

Hatua ya 2: Kiweke mahali pa wazi

Kama ukuta una urefu wa mita 3, kaa nao mbali angalau mita 6. Nyua zetu ni finyu, najua. Chagua pale penye anga kubwa zaidi. Mwanzoni nilikiweka karibu na ukingo wa bati, na miezi miwili yote ilibidi niitupe kwa sababu matone ya paani yalikuwa yakiruka hadi kwenye faneli. Fukia kitako cha kidumu mchangani kisiangushwe na upepo, na ziba pengo kati ya faneli na shingo ya kidumu mbu wasipate pa kutagia. Kama kuna mwarobaini jirani, angalia majani kila siku: jani moja dogo linaziba tundu la faneli kabisa.

Hatua ya 3: Soma saa 3 asubuhi

Vituo rasmi husoma mvua ya saa 24 saa 3 asubuhi, nawe fuata saa hiyo. Vuta maji kwa bomba, bomba moja moja, huku ukihesabu kwa sauti. Ukipata mililita 412, gawanya kwa 20.1: milimita 20.5. Andika tarehe ya siku uliyosoma, na usibadili utaratibu huo katikati ya mwaka.

Hatua ya 4: Tofautisha sifuri na kutopima

Hapa ndipo madaftari mengi yanapoharibika. Siku kavu andika 0. Siku uliyosafiri, au mtoto alipomwaga maji, chora mstari. Usiache nafasi tupu, na usikisie kwa kumuuliza jirani. Nafasi tupu baada ya miaka 3 haisemi kitu: hujui kama ilikuwa jua kali au ulikuwa msibani Morogoro. Ukirudi safarini ukakuta maji, andika jumla yake na siku ngapi imekusanya, usiigawe.

Sifuri za Januari na za Julai zinachosha, lakini ndizo zitakazokuonyesha ukame ulianza lini.

Hatua ya 5: Fanya hesabu za mwezi

Andika mambo manne: jumla ya mwezi, siku zilizofikia milimita 1 au zaidi, siku yenye mvua nyingi kuliko zote, na mfululizo mrefu zaidi wa siku kavu. Jumla peke yake inaficha mengi. Milimita 200 zilizotawanyika siku 15 zinanywesha mchicha. Zikishuka kwa siku 2 zinaingia vyumbani Jangwani.

Hatua ya 6: Linganisha kwa uangalifu

Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, ikisema mvua itakuwa juu au chini ya wastani, wastani huo umetokana na miaka 30. Daftari lako la miaka 2 halithibitishi mabadiliko ya tabianchi. Vuli ya 2019 ilikuwa kubwa mno kwa sababu magharibi ya Bahari ya Hindi palikuwa na joto kuliko kawaida na mashariki pamepoa. Hali hiyo huja na kuondoka.

Kinachobadilika polepole ni kingine: kila nyuzi 1 ya joto inaiwezesha hewa kubeba mvuke zaidi kwa takribani asilimia 7, na mvua kubwa hupata maji mengi zaidi ya kumwaga. Ndiyo maana naitazama sana ile safu ya siku yenye mvua nyingi. Desemba 2011 mafuriko ya Dar yaliua watu wapatao 40, na familia za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Siku kama ile nataka iwe imeandikwa mtaa kwa mtaa.

Kila mwisho wa mwezi piga picha kurasa zako na uzitume kwa mtu anayekaa nyumba nyingine. Maji yakiingia ndani, daftari ndilo litakalolowa kwanza.