Kubadilisha shokapu za nyuma za gari kuukuu ukiwa nyumbani, Unguja au Pemba

Shokapu haibebi uzito wa gari. Uzito hubebwa na springi, na kazi ya shokapu ni kuizuia springi isiendelee kudunda baada ya tairi kupita juu ya tuta au kuingia shimoni. Ndani ya silinda yake mna mafuta na pistoni yenye matundu madogo yanayolindwa na valvu. Pistoni inaposukumwa, mafuta hulazimika kupenya kwa shida katika matundu hayo, na nguvu ya mtikisiko hugeuka kuwa joto. Sili, yaani mpira unaozuia mafuta yasitoke, ikichoka na mafuta yakavuja, pistoni hupita bila kizuizi, nyuma ya gari huyumba kwenye kona, na breki huhitaji masafa marefu zaidi kulisimamisha gari kwa sababu tairi haikai barabarani.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha kwamba ni shokapu kweli zilizokufa. Egesha gari mahali tambarare, likandamize kwa uzito wako kwenye pembe ya buti, kisha liachie: lenye shokapu nzima hupanda mara moja na kutulia, na lenye shokapu zilizochoka huendelea kupanda na kushuka. Chungulia na chini. Utando mwembamba wa mafuta ulioshika vumbi karibu na sili si jambo la kutisha, lakini silinda iliyolowa mpaka chini imekwisha. Pitisha kiganja juu ya uso wa tairi la nyuma; ukihisi mabonde na vilima vinavyofuatana kulizunguka, tairi hilo limekuwa likirukaruka badala ya kuikamata lami. Kama unachosikia ni mgongano mkavu tu, huenda ni bushi zilizolika, yaani vipande vya mpira vilivyo kwenye ncha za shokapu bolti inapopita, nazo mara nyingine huuzwa peke yake.

Si kila gari linafaa kufanyiwa kazi hii uani. Suzuki Escudo za mwanzo na Toyota Hiace za zamani zina shokapu iliyosimama peke yake, mbali na springi, na mtu mwenye vifaa vya kawaida na subira anaweza kuibadilisha kwa usalama. Toyota Corolla nyingi za saluni za miaka ya 1990 ni tofauti: springi imeizunguka shokapu yenyewe na imebanwa kwa nguvu kubwa sana. Ukiifungua nati ya juu ya shokapu ya aina hiyo bila kifaa maalumu cha kuibana springi, springi hufyatuka, na inaweza kuua. Gari lako likiwa la aina hii, lipeleke kwa fundi mwenye kifaa hicho.

Ukienda kwenye maduka ya vipuri, uwe mjini Unguja au Chake Chake, nenda na namba za modeli na chesisi zilizoandikwa kwenye kibati kilichopo sehemu ya injini, kwa sababu magari mawili yenye jina moja na umbo moja yanaweza kuwa na shokapu zenye urefu tofauti. Nunua mbili kwa pamoja. Shokapu mpya upande mmoja na kuukuu upande wa pili huifanya nyuma ya gari kuitika kwa namna mbili katika kona moja, na hilo ni baya kuliko kuwa na mbili zilizochoka kidogo. Ukilazimika kununua zilizotumika, isimamishe kila moja wima na uisukume na kuivuta taratibu mwendo wake wote: ukinzani uwe sawasawa, pasiwe na mahali inapokwenda bure, na fimbo yake ing'ae bila mikwaruzo wala madoa ya kutu.

Visiwani mpinzani wako mkubwa ni chumvi. Gari linaloishi Nungwi, Jambiani au Mkoani, na hasa lile linaloshushwa ufukweni kuvuta boti au kupakia samaki, huwa na bolti zilizoshikana na bushi zake kiasi kwamba spana huteleza kabla ya nati kusogea. Kwa hiyo kazi huanza jioni ya kuamkia siku yenyewe. Safisha nyuzi zote zinazoonekana kwa brashi ya waya mpaka chuma kitokee, kisha puliza mafuta ya kulegezea kutu, na urudie asubuhi. Mafuta ya taa yatasaidia kidogo ukikosa mengine, mradi yasifike kwenye mipira. Andaa soketi na spana za 14, 17 na 19, ya magurudumu ambayo mara nyingi ni 19 au 21, jeki mbili, na stendi mbili za chuma.

Ua wa mchanga haufai kuinulia gari. Tafuta sakafu ya saruji. Ikikosekana, laza chini ya jeki na kila stendi ubao mnene na mpana usiozama. Legeza nati za magurudumu kidogo tairi zikiwa bado chini. Kumbuka kwamba katika magari mengi hendibreki hushika magurudumu ya nyuma tu, kwa hiyo nyuma ikishainuliwa haina la kukusaidia. Na kama gari huendeshwa na magurudumu ya nyuma, hata kuliacha kwenye gia hakutalizuia. Weka kabari madhubuti mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, yote mawili. Inua, weka stendi chini ya chesisi mahali palipokusudiwa, shusha uzito juu yake, kisha litikise gari kwa mkono kabla hujaingiza kichwa. Tofali la saruji lisitumike kamwe mahali pa stendi, kwani hupasuka kwa ghafla bila kutoa ishara, na jeki peke yake isiaminiwe hata kwa dakika moja.

Vua magurudumu, kisha ingiza jeki ya pili chini ya ekseli na uinyanyue kidogo tu mpaka iiguse na kuushika uzito wake. Hatua hii ndiyo inayosahauliwa zaidi. Katika magari mengi shokapu ndiyo inayoizuia ekseli isishuke kupita kiasi. Ukiifungua bila kuitegemeza, ekseli huanguka, mpira wa breki, yaani mrija unaopeleka mafuta ya breki, huvutika hata ukachanika kwa ndani, na springi huweza kutoka kwenye kiti chake. Kwa sababu hiyohiyo, maliza upande mmoja kabisa kabla ya kugusa wa pili. Ule usioguswa utakuwa pia kielelezo chako cha namna washa (vile visahani vya chuma vyenye tundu) na mipira vinavyopangwa.

Fungua bolti ya chini kwanza, kisha ya juu. Katika baadhi ya magari sehemu ya juu ni fimbo yenye nati, na hufikiwa kwa kuondoa kifuniko ndani ya buti. Fimbo hiyo hupenda kuzunguka pamoja na nati, basi ishike kwa spana ndogo kwenye kichwa chake kilichobapa. Nati iliyogoma isilazimishwe papo hapo kwa bomba refu lililovikwa kwenye mpini wa spana, kwa maana bolti iliyolika kwa chumvi hukatika. Ikaze kwanza kidogo tu, kisha ilegeze. Ongeza mafuta, ngoja, na uende mbele na nyuma hivyo hivyo. Utaisikia ikilia mlio mkali mfupi, na vumbi jekundu la kutu litadondoka kutoka kwenye nyuzi. Hapo imekubali, lakini bado irudishe nyuma mara kwa mara ili vumbi hilo lisiibane tena. Moto usitumike hapa. Shokapu ina mafuta, na nyingi zina gesi ya nitrojeni yenye shinikizo, na mpira wa breki na tangi la petroli haviko mbali.

Shokapu mpya ya mafuta isimamishwe wima na ivutwe na kusukumwa mara kadhaa mpaka hewa itoke na ukinzani uwe sawa. Ya gesi huja imefungwa kwa mkanda. Usiukate kabla ya kuiweka mahali pake, kwa kuwa itajifungua yenyewe na utapata taabu kuirudisha. Funga juu kwanza, kisha pandisha au shusha ekseli kwa jeki ya pili mpaka tundu la chini lilingane. Bushi ikigoma kuingia, ilainishe kwa maji ya sabuni, kwani grisi na oili huuvimbisha na kuuoza mpira. Na fimbo isibanwe kwa koleo: mkwaruzo mmoja mdogo utaikata sili kila fimbo inapopita, na shokapu mpya itaanza kuvuja mapema.

Nati ya fimbo ikazwe mpaka mpira uvimbe na kufikia ukingo wa washa, isipokuwa kitabu cha gari kikisema vingine. Bolti zinazopita ndani ya bushi zina sharti lake: zisikazwe kabisa ekseli ikiwa inaning'inia. Mpira wa bushi umeshikana na bomba dogo la ndani, na bolti ikikazwa bomba hilo haligeuki tena. Ukikaza ekseli ikiwa chini, gari likisimama kwa magurudumu yake mpira utakuwa umesokotwa kila saa, hata likiwa limeegeshwa, na utapasuka mapema. Basi zikaze kwa mkono tu, kisha pandisha ekseli kwa jeki mpaka chesisi ianze kutaka kuachana na stendi, huku stendi zikibaki palepale, ndipo ukaze kwa kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji. Paka grisi nyuzi zinazobaki nje baada ya kukaza, mbali na mpira.

Nati za magurudumu zikazwe kwa kuruka upande huu na ule, si kwa kufuatana, na zimaliziwe tairi zikiwa chini. Shokapu za zamani zisikatwe kwa grainda, na mafuta yake yasimwagwe uani. Miamba ya matumbawe iliyo chini yetu ina matundu na hupitisha kilichomwagwa juu mpaka kwenye maji ya visima tunavyokunywa. Zipeleke kwa wanunuzi wa vyuma chakavu zikiwa nzima, na uwaambie kama ni za gesi.

Endesha polepole kwanza, upite kwenye matuta mawili matatu huku ukisikiliza. Baada ya kilomita 100 hivi kagua tena nati zote kwa spana, zikiwemo za magurudumu, na utazame kama silinda bado ni kavu.