Kwenda Hilbre kwa miguu: mwezi ni ule ule, saa zimehama

Nimezaliwa Jambiani, Zanzibar. Kabla sijajua kusoma saa nilikuwa naijua bamvua, zile siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu maji yanapojaa na kutoka sana, maana ndizo siku mama alizonichukua kwenda kupweza, kutafuta pweza mwambani. Asubuhi ya saa nne maji yameshatoka mpaka mwambani, saa kumi jioni yamerudi chini ya minazi. Kwa hiyo nilipohamia Liverpool, Uingereza, na kusikia kuna kisiwa, Hilbre, watu wanakiendea kwa miguu maji yakitoka, nilijiambia hiyo ni kazi ninayoijua.

Nilikwenda siku mbili baada ya mwezi mpevu, saa nne asubuhi, kama ningekwenda kwetu. Mchanga ulikuwa mtupu, mkavu, macho hayaoni maji isipokuwa mbali sana. Nimetembea kama robo saa nikakutana na mzee na mbwa wake wanarudi haraka. Akanionyesha saa yake ya mkononi, akanambia maji yanakuja, turudi. Nilirudi kwa heshima ya mzee tu, moyoni sikuamini. Tulipofika ukutani akanimiminia chai, na kabla ya saa sita pale nilipokuwa nimesimama palikuwa bahari.

Usiku nikampigia mama. Nikamwambia huku bamvua maji yanajaa adhuhuri. Akanyamaza, kisha akauliza, "Kwani mwezi si huu huu, mwanangu?"

Mwezi ni huu huu. Zilizohama ni saa. Pwani ya Liverpool, siku za bamvua maji hujaa karibu na saa sita, mchana na usiku, na hutoka alfajiri na jioni. Yanayotoka mchana ni maji mafu, zile siku maji yanapopanda na kushuka kidogo tu, ambazo kwetu hatujisumbui kushuka pwani. Anayetaka kwenda Hilbre mchana na watoto achague siku za maji mafu. Jambo la pili ni nguvu yake. Kwetu bamvua kubwa hupanda na kushuka kama mita 4, huku inaweza kukaribia mita 10, na muda wa kujaa ni ule ule wa saa sita hivi. Maji hayaji kwa wimbi la mbele ulione. Yanaingia pembeni, kwenye vimifereji vya mchangani, na yanajaza nyuma yako, kati yako na nchi kavu, wakati miguu yako bado mikavu.

Basi usiende kwa mwezi peke yake. Tafuta jedwali la maji la siku hiyo hiyo, halafu uangalie kama saa zake zimeshaongezwa ile saa moja ambayo huku husogezwa mbele majira ya joto. Majedwali mengine hayaongezi, na saa moja hapa ni kubwa. Mimi naandika kwenye karatasi, kwa saa zetu na kwa saa zao, ili nisichanganye saa tatu ya Kiswahili na saa tatu ya Kiingereza.

Kanuni wanayoifuata wenyeji ni hii: usiondoke West Kirby, mji wa pwani unakoanzia safari, mpaka zipite saa tatu tangu maji yalipojaa, na uwe umeshatoka kisiwani saa tatu kabla hayajajaa tena. Tuseme yamejaa saa kumi na mbili asubuhi. Unaanza safari saa tatu, si kabla. Yatajaa tena kama saa kumi na mbili na dakika 25 jioni, kwa hiyo saa tisa na dakika 25 ndiyo mwisho wako wa kuwa Hilbre. Mimi na wanangu saa nane tunafunga mizigo.

Kutoka Liverpool panda treni ya West Kirby, ni kama nusu saa. Shukeni mpaka mwisho wa barabara ya Dee Lane, kwenye mteremko wa kushushia mashua. Ukisimama pale utaona visiwa vitatu mdomoni mwa Mto Dee: Little Eye kidogo kushoto, kisha Middle Eye, kisha Hilbre chenyewe. Jicho litakuvuta ukate moja kwa moja kwenda Hilbre. Usikate, wala usianzie upande wa Hoylake, maana huko kuna matope na mikondo. Nenda kwanza Little Eye, ukifika pinda kulia, ufuate Middle Eye mpaka Hilbre. Ni kama kilomita 3, saa moja kwa mwendo wa watoto.

Vaa viatu vya zamani au mabuti ya mpira. Mchanga wenyewe ni mzuri, una mikunjo midogo migumu na vifundo vya minyoo kila hatua, lakini karibu na kisiwa miamba inateleza na kombe zilizoganda juu yake zinakata. Koti la upepo hata Julai. Maji ya kunywa na chakula bebeni vyote, kisiwani hakuna duka. Sisi tunabeba chupa ya chai ya tangawizi na maandazi. Kukiwa na ukungu, ahirisheni, hata kama tiketi mmeshakata.

Juu ni majani mafupi na upepo. Kuna kituo cha mwaka 1841 kilichokuwa kikipokeza habari za meli zinazoingia Liverpool, na kaskazini kabisa mabaki ya banda la mashua ya uokoaji. Mimi hukaa upande wa magharibi, ninyamaze. Kwenye fungu la mchanga ng'ambo hulala sili wa kijivu, na sauti yao huja na upepo, ndefu, kama watu wanaoomboleza nyumba ya mbali. Mwanangu mdogo alinishika mkono mara ya kwanza aliposikia. Beba darubini, usijaribu kuwafuata. Adhuhuri tunaswali pale pale majanini. Kibla inaangukia West Kirby, tulikotoka.

Ikitokea mmechelewa na maji yameshaingia, bakini Hilbre. Msijaribu kuvuka hata kama yanaonekana ya magotini. Mtakaa saa tano au sita kwa baridi, kisha njia itafunguka. Aliye hatarini apige 999 aombe walinzi wa pwani.

Mkisharudi salama, msikimbilie treni. Kaeni ukutani mmalizie chai, mtazame nyayo zenu za asubuhi zikifunikwa moja moja.