Sensa ya mwanga isiyotumia betri: MoS2 chini, WSe2 juu

Ile grisi nyeusi mafundi gari wanapaka kwenye CV joint, weusi wake ni MoS2 (molibdenamu na salfa), na ndo tunayotumia hapa, ila sisi tunataka kristali safi so usiende gereji na kopo. Inateleza kwa sababu imejipanga tabaka tabaka kama chapati ya kusukuma, kila tabaka kama nanomita 0.65 tu, na tabaka zimeshikana kilegelege.

MoS2 kwa kawaida ni aina ya n (ina elektroni za ziada), WSe2 (tungsteni na seleni, nayo ya tabaka) tafuta ile ya p (ina matundu, yaani nafasi zilizokosa elektroni). Ukizilaza moja juu ya nyingine, pale zinapokutana panajitengenezea nguvu ya umeme, mwanga ukipiga elektroni zinakimbilia MoS2, matundu yanaenda WSe2, mkondo unatoka bila wewe kuweka volti yoyote. Yaani ni solar, ila ndogo kuliko unene wa unywele.

Kuzichuna ni kwa selotepu, mbinu ile ile ya wanafizikia Geim na Novoselov pale Manchester 2004, iliyowapa Nobel 2010. Bandika kristali, kunja, bandua, mara tano sita hivi, taratibu, ukivuta kwa hasira unabaki na vumbi. Kisha gandamiza kwenye silikoni yenye oksaidi ya nanomita 300 hivi, hiyo oksaidi ndo inakufanya uone magamba (vipande vya kristali ulivyochuna) kwenye maikroskopu, nene yanang'aa manjano, membamba ni bluu iliyofifia kama doa la wino lililofuliwa likagoma. Watu wanahangaika kupata tabaka moja, mi naona kwa kuanzia ni kujitesa, tabaka tano hadi kumi zinameza mwanga zaidi na hazichaniki ovyo.

WSe2 ichunie kwenye PDMS (ile kama mpira, inaonyesha), igeuze, ilenge juu ya MoS2 ukiwa unaangalia, shusha. Hapa ndo wengi tunaharibu. Ya kwanza yangu niliishusha kwa pupa, hewa ikanasa katikati, viputo kila mahali kama rangi iliyopigwa kwenye ukuta mbichi, na penye kiputo tabaka hazigusani kwa hiyo hakuna kitu. Inamisha PDMS kidogo ianze kugusa upande mmoja, pasha joto kama nyuzi 60, inua polepole.

Elektrodi mbili, moja iguse MoS2 peke yake (titani na dhahabu), nyingine WSe2 peke yake (platinamu au paladi). Ikigusa zote mbili umeshapiga shoti.

Kupima sasa. Weka volti 0, funika na boksi, mkondo uwe karibu na sifuri, washa mwanga, mkondo upande, zima, ushuke, rudia mara nyingi. Multimita ya kawaida haitaona kitu, hizi ni nanoampea.

Na kwenye hesabu ya ampea ngapi kwa kila wati ya mwanga (A/W), kama unamulika kwa leza, usigawe mkondo kwa nguvu yote ya leza. Tuseme leza ni miliwati 1, doa lake kipenyo milimita 1, sensa yako ni maikromita 10 kwa 10, mwanga umesambaa sawa: sensa inapata kama nanowati 127 tu. Ukisoma nanoampea 10, hiyo ni kama 0.08 A/W. Ukigawa kwa miliwati nzima unapata 0.00001, halafu unaitukana sensa bure.