Ukitaka kupima wadudu wa udongo kwa DNA, anza na jembe lako

Inua matandazo ya mabua ya mahindi asubuhi kabla jua halijawa kali, utaona jongoo akijikunja, tandu akipenya kwenye ufa, sisimizi wakihamisha mayai. Hao ni wale wanaoonekana. Walio wengi zaidi ni wadogo kuliko punje ya ulezi: utitiri wa udongo, na kolembola, vijidudu ambavyo vingi vina kijiti chenye uma chini ya tumbo. Wakikifyatua wanaruka kama kiroboto. Hawa ndio wanaokatakata mabaki ya mazao na kula kuvu, na bila kazi yao samadi na mabua huchelewa kuwa chakula cha mmea.

Zamani ukitaka kujua una aina ngapi, ilibidi uwatoe kwenye udongo na kumtafuta mtaalamu wa kuwatambua kwa darubini, na wataalamu hao ni wachache. Siku hizi kuna njia ya DNA ya mazingira. Mdudu akipita ardhini huacha kinyesi, gamba alilojivua, mayai, na mwishowe mzoga wake. Vyote hivyo vina vinasaba, yaani DNA. Maabara huvitoa kwenye udongo wenyewe, huzidisha kipande cha jeni, mara nyingi ile iitwayo COI, husoma mpangilio wake na kuulinganisha na maktaba ya wanyama waliokwisha kutambuliwa. Mwaka 2003 Paul Hebert na wenzake wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, ndio waliopendekeza jeni hiyo iwe kama lebo ya kumtambulisha kila mnyama.

Kipimo hiki si cha mkulima mmoja kulipia peke yake. Kinafaa kikundi kinachoshirikiana na watafiti wa chuo, hasa mnapotaka kujua kama miaka ya matandazo, mboji na kutolima kwa kina imebadilisha uhai wa udongo. Lakini hata maabara iwe nzuri namna gani, haiwezi kurekebisha udongo uliochukuliwa vibaya.

Nasema hivyo kwa sababu nimelikosea mwenyewe. Nilichimba sampuli kwenye shamba lenye matandazo, nikapangusa jembe kwa majani, nikavuka mfereji na kuchimba shamba la pili ambalo mabaki yake huchomwa kila mwaka. Mifuko ikakaa kwenye buti la gari siku mbili, kwenye joto. Majibu yaliporudi, mashamba yale yalifanana kama pacha, wakati macho yangu yalikuwa yameshaona kwamba hayafanani hata kidogo. Udongo ulioganda kwenye jembe, kiasi cha kujaza kijiko tu, ulibeba wadudu wa shamba moja mpaka shamba la pili.

Kwa hiyo fanya hivi. Badala ya jembe, tumia kipande cha bomba la chuma la inchi mbili, kilichonolewa mdomo na kuwekewa alama ya sentimita 10. Ukimaliza shamba moja, kioshe udongo wote utoke, kiloweke dakika kumi kwenye jiki iliyochanganywa na maji, sehemu moja kwa tisa, kisha kisuuze kwa maji safi. Kusuuza ni lazima, maana jiki ikibaki itaharibu DNA ya sampuli inayofuata. Vaa glavu mpya kila shamba. Anza na shamba unalodhani lina wadudu wachache, umalizie na lenye wengi. Na beba kichupa cha maji safi ya chupa, ukifungue shambani kama ulivyofungua mifuko, ukifunge, ukipeleke maabara pamoja na sampuli. Kikikutwa na DNA ya wadudu, mtajua uchafu umeingia njiani.

Usichimbe mahali pamoja. Tembea kwa zigizaga, uchimbe mara 15 hivi, ukiacha mita chache za kingo na maeneo ya karibu na kichuguu au lundo la samadi. Majani yaliyolala juu yaweke kwenye mfuko wake, kwa kuwa wakazi wake si wale wa chini. Udongo wa shamba moja uchanganye kwenye beseni safi. Hapa muulize mtaalamu wa maabara swali moja: mtatumia gramu ngapi? Vifaa vingi vya kutoa DNA ya udongo vilitengenezwa kwa ajili ya bakteria, na hutumia robo gramu tu. Bakteria watajaa humo, lakini jongoo au mbawakavu hawezi kuwakilishwa na chembe kidogo hivyo. Kuna njia inayoanza na gramu 15, nayo inafaa zaidi kwa wanyama.

Joto na unyevu ndio maadui wa safari. Weka sampuli kwenye deli lenye barafu na uzifikishe kwenye friza siku hiyo hiyo. Kama friza iko mbali, weka udongo kidogo kwenye mfuko wenye vidonge vingi vya silika, ukauke haraka. Andika kwa penseli tarehe, zao, mvua ya mwisho ilinyesha lini, na dawa ya mwisho ilipigwa lini. Ukichimba wiki ya tatu ya masika mwaka huu, mwakani chimba wiki hiyo hiyo. Udongo wa Agosti mkavu hauwezi kulinganishwa na wa Aprili.

Majibu nayo yana mipaka yake. Orodha ya DNA haikuambii wadudu wangapi, wala kama wako hai. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba kwa wastani asilimia 40 ya DNA ya bakteria na kuvu waliyoipima udongoni haikuwa ndani ya seli nzima, ilikuwa masalia. Mabaki ya wadudu nayo yanaweza kukaa hivyo. Tena wadudu wengi wa udongo wa Afrika hawajaingizwa kwenye maktaba, hivyo mtaona mistari mingi ya "jamii ya utitiri, spishi haijulikani". Hiyo haina maana kwamba shamba lenu lina kasoro.

Ndiyo sababu nasisitiza mtego wa Berlese utumike sambamba. Mtaliano Antonio Berlese aliueleza mwaka 1905, na unatengenezwa kwa chupa ya maji. Kata chupa, geuza sehemu ya juu iwe faneli, weka wavu wa tundu la milimita mbili, juu yake bonge la udongo lisilovunjwa. Chini weka spiriti, juu washa balbu. Udongo ukikauka, wadudu wanakimbilia chini na kuanguka. Baada ya siku tano mnahesabu wale waliokuwa hai siku mliyochimba, kwa lenzi ya mkononi.

Na tafadhali, msipige dawa kwa sababu ya jina lililotokea kwenye orodha. Kiwavijeshi vamizi hugeuka pupa udongoni, kwa hiyo DNA yake inaweza kuonekana hata kama msimu wake umepita; kagua kwanza mahindi yenyewe. Mchwa pia huogopwa kuliko inavyostahili. Kwenye jaribio la ngano katika eneo kame la Australia, lililochapishwa mwaka 2011, vipande vya shamba vilivyoachiwa mchwa na sisimizi vilitoa mavuno asilimia 36 zaidi ya vile ambavyo wadudu hao waliondolewa, kwa sababu vishimo vyao viliingiza maji na naitrojeni iliongezeka.

Nusu ya kila sampuli ibaki kwenye friza ya chuo, ikiwa na lebo ya kikundi. Maktaba ya wadudu inakua kila mwaka, na udongo huo huo unaweza kusomwa tena wale "wasiojulikana" watakapopata majina.