Jinsi ya kuomba ruhusa ya kutua uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, kwa rubani mwanafunzi

Kabla ya kubonyeza kitufe, nyamaza usikilize. Redio ya mnara wa Wilson haitulii: ndege za watalii zinarudi kutoka Mara, wanafunzi wanatoka juu ya mbuga, wote kwenye masafa yaleyale. Ukiingilia mwenzako akiongea, kinachosikika ni mkwaruzo tu. Mimi nilifanya hivyo siku ya tatu ya mafunzo. Mwalimu hakusema neno, alinibandua kidole kwenye kitufe.

Kukiwa kimya, omba kwa mpangilio huu: unayemwita, namba kamili ya ndege yako kuanzia 5Y (alama ya ndege za Kenya), ulipo, kimo chako, kisha unachotaka. Yote kwa Kiingereza. Sheng ibaki kantini.

Mnara utakujibu kwa kukupa barabara ya kutua, tuseme 07 au 14, pamoja na QNH, yaani shinikizo la hewa la kuseti altimita, kipimo cha kimo. Iandike palepale kwenye kibao cha pajani. Ukiseti 1023 badala ya 1013, altimita itakudanganya kwa karibu futi 300, na ukiwa chini huo ni uongo mkubwa.

Sasa rudia ulichoambiwa: barabara, QNH, msimbo wa transponda (kifaa kinachoitambulisha ndege yako kwenye rada) ukipewa. “Roger” peke yake haitoshi, kwa sababu maana yake ni nimesikia tu. Mwongozaji anataka kusikia *ulichosikia*, ili akusahihishe mapema.

Hapa ndipo wengi huteleza. Ukiwa fainali, yaani umenyooka na barabara unashuka kutua, utaambiwa “number two, continue approach”. Hiyo si ruhusa! Wewe ni wa pili, endelea kuja, basi. Ruhusa ni “cleared to land”, na hiyo nayo irudie pamoja na namba ya barabara na namba ya ndege yako. Usipoisikia mpaka unakaribia kugusa lami, sukuma throtoli (mkono wa nguvu ya injini), panda, uzunguke upya. Hakuna atakayekucheka, na hata akikucheka, petroli si yake.

Redio ikifa, weka 7600 kwenye transponda na uangalie taa ya mnara. Kijani kisichokatika: tua. Nyekundu isiyokatika: mpishe mwingine, endelea kuzunguka. Nyekundu inayomweka: uwanja si salama, usitue.

Ukishatua usisimame barabarani kupumua. Toka kwanza, vuka mstari wa kusubiria, ndipo useme “runway vacated”.