Kabla ya kununua batri kubwa, pima masi
Hapa Goma, gari likikataa kuwaka asubuhi wengi hukimbilia batri kubwa zaidi. Pima masi kwanza, yaani njia ya waya inayounganisha ncha hasi ya batri na chuma cha injini na gari. Weka mita kwenye volti, waya mmoja kwenye ncha hasi ya batri, wa pili kwenye chuma kitupu cha injini, halafu mtu apige demareri (mota ya kuwashia injini). Mita ikionyesha zaidi ya volti 0.5, njia ya masi imechoka. Barabara zetu za mawe ya lava hulegeza bolti, na vumbi jeusi linajipenyeza chini ya kishikio cha waya wa masi. Fungua upande hasi kwanza, kwangua kutu na rangi hadi chuma king'ae, funga waya wa shaba wa milimita za mraba 25 au zaidi, ndipo upake grisi kwa juu. Ule wa aluminiamu uliopakwa shaba, mimi siugusi. Upande hasi unarudishwa mwisho.